Fremu ya Kimo Changu

Mimi ni mfupi. Nalisema mapema lisije likamshangaza mtu huko mbele. Wateja wapya wakiingia dukani na kunikuta nimesimama nyuma ya cherehani, huniuliza fundi ameenda wapi. Miaka yote ufupi huo haujaninyima kitu. Nguo zangu najishonea, kiti changu cha kazi nilikikatisha miguu, na vitu vya juu ya kabati huteremshwa na mume wangu, ambaye Mungu alimpa urefu wake akamwongezea na wangu. Ni baiskeli iliyonifanya nichukue tepu nijipime upya, na hata hapo nikakosea.

Duka langu liko Maungu, kando ya barabara kuu ya Mombasa. Mume wangu, mtu wa Ukambani aliyekuja huku kutafuta kazi akanipata mimi, hutengeneza magurudumu ya malori hatua chache kutoka mlangoni kwangu, kwa hivyo mchana kutwa tunasemezana kwa kupaza sauti juu ya kelele za injini. Mama yangu anaishi Makwasinyi, chini ya mlima Kasigau, katika boma nililozaliwa. Siku isiyo na vumbi nauona mlima huo nikiwa nimekaa kwenye cherehani. Kuufikia ndiyo kazi. Gari la kwenda huko huondoka Maungu mchana na kurudi alfajiri, na Jumapili halisafiri kabisa, hubaki huko huko hadi Jumatatu, nami Jumapili ndiyo siku yangu pekee ya kufunga duka. Basi nikawa mtu wa kwenda kwetu wakati wa Krismasi na wakati wa matanga.

Mtu akienda kwao kwa nadra namna hiyo hugeuzwa mgeni. Mama alianza kunipa kiti chenye mto. Alinikataza kushika sufuria. Majirani waliingia, wakakaa naye chini kupukuchua mahindi huku wakisengenya kijiji kizima, na mimi niko pale juu na kikombe changu kwenye sinia, natabasamu kama mke wa chifu. Kilichoniuma zaidi ni habari. Mama aliniambia nzuri tu. Kwamba goti lilikuwa limemlaza, kwamba ndovu waliingia shambani wakala mahindi yote ya upande wa bondeni, kwamba yeye na mke wa kaka yangu hawakuwa wakisalimiana, hayo yote niliyasikia kwa wateja wangu hapa Maungu. Nikimuuliza yeye, alisema, "Huku ni kuzuri tu, mwanangu. Kunywa chai."

Nilikuwa nikilia njiani nikirudi, na nikifika nyumbani namkaripia mume wangu ambaye hajakosa chochote. Nilitaka mama anigombeze. Nilitaka anitume maji. Nilitaka kuwa mtoto wake tena kabla umri haujatutenganisha, na sikujua nimwambie vipi, maana mambo kama hayo kwetu hayaombwi kwa mdomo.

Pikipiki nilijaribu. Mwenye pikipiki alinifikisha upesi, kisha akakaa kunisubiri, na mama akaona aibu kumwacha mtu wa watu juani. Akamletea kiti, chai na chapati. Sasa tukawa wageni wawili.

Baiskeli ililetwa na mkoba uliochanika. Dada mmoja wa Nairobi alikuwa amezunguka kutoka Taveta kwa njia za vumbi, peke yake, amebeba hema na sufuria katika mifuko iliyofungwa pande zote za baiskeli yake. Mkanda wa mfuko mmoja ulikatika karibu na Maungu, akaelekezwa kwangu. Nilishona huku macho yangu yakiwa nje mlangoni. Magurudumu yake yalikuwa manene, yenye meno, na baiskeli yenyewe ilikuwa na matope makavu hadi shingoni. Lakini nilichoshangaa ni kimo cha mwenyewe. Alikuwa mfupi kama mimi. Labda mimi namzidi kwa kisigino.

Nilimuuliza kama alikatiwa baiskeli hiyo kwa kupimwa.

"Sikukatiwa, mama fundi," akasema. "Nilichagua fremu. Panda uone."

Lazima niseme kwamba kwangu baiskeli ilikuwa kitu kinachomzidi mtu. Nilijifunza kwa ile nyeusi kubwa ya mjomba, ya keria ya chuma, ambayo sisi watoto tuliiendesha kwa kupitisha mguu mmoja chini ya chuma cha juu, mwili wote umepinda upande, kichwa kikichungulia katikati ya usukani. Sikuwahi kuikalia ile. Sasa nikapanda ya huyu dada, na makalio yakakaa, mikono ikafika, na niliposhuka mbele ya kiti miguu yangu yote miwili ilikanyaga chini. Nilizunguka nayo uwanja wa malori, mume wangu akaacha tairi alilokuwa akilitoa akapiga makofi.

"Hii imenikaa kama nimeshonewa," nikamwambia dada.

"Basi sikiliza," akasema. "Ukitaka ya kwako, usidanganywe na rangi wala gia. Kiti kinashushwa, usukani unabadilishwa, lakini fremu ikiwa kubwa ni kubwa tu. Kwa njia za mchanga utasimama ghafla mara nyingi. Hakikisha ukisimama hicho chuma cha juu hakikugusi."

Aliondoka akielekea Mombasa. Mimi usiku huo huo nilimwambia mume wangu kwamba nitakuwa nikienda kwa mama kila Jumapili kwa baiskeli, nilale huko, na Jumatatu nirudi na gari la alfajiri, baiskeli ikiwa juu, nifungue duka kama kawaida. Akasema, "Na ndovu?" Nikasema ndovu nao wana kwao.

Tulikwenda Voi, kwa muuzaji mmoja wa baiskeli za mtumba karibu na soko, mtu wa bara, mchangamfu, aliyezitundika baiskeli zake kwenye vyuma kama nyama buchani. Mimi sikwenda mikono mitupu. Nilikwenda na tepu shingoni na kipimo changu kichwani. Nilikuwa nimejipima nyumbani, peku, mgongo ukutani, kutoka sakafuni hadi panapogawanyika miguu: inchi ishirini na saba. Nimepima suruali za nusu ya watu wa Maungu, sikuona la kunishinda kwa baiskeli.

Na hapo ndipo nilipojimaliza. Kwanza, nilikuwa nimevaa sketi, ile nzuri ya kwenda mjini. Wanaume walikuwa wamekaa kwenye mabenchi mbele ya duka wakinywa soda na kunitazama, na mimi sikuwa tayari kutanua miguu juu ya chuma mbele ya kadamnasi. Nikasema sina haja ya kupanda, tepu inatosha. Pili, mkono wangu una tabia zake. Fundi hakati kitambaa kwa kipimo cha mwili, anaongeza nafasi ya mshono, anaongeza ya kukaa na kuinama, na kama ni sare ya shule anaongeza na ya kukua. Mkono ukaongeza inchi mbili bila kuniuliza. Nikawa natembea kati ya zile baiskeli nikitafuta chuma cha juu kilicho inchi ishirini na tisa kutoka chini, na nilipokipata nikafurahi sana.

"Umechagua vizuri, mama," muuzaji akasema. "Baiskeli kubwa ndio baiskeli. Ona hiyo chuma yote."

Mume wangu aliipanda akaizungusha barabarani. "Hii hata mimi inanifaa!" akapiga kelele kutoka mbali. Neno hilo lingenishtua kama ningekuwa na akili siku hiyo. Badala yake nililipa, tukairudisha Maungu juu ya lori la rafiki yake.

Jumapili ya kwanza nilivaa suruali, nikapandia kwenye ngazi ya duka, mume wangu akanisukuma kidogo, nikaondoka. Raha ya mwanzo siwezi kuificha. Niliimba. Askari wanaolinda wanyama kwenye ranchi za njiani walikuwa wamekwisha kupita na pikipiki zao, njia nyekundu ilikuwa mbele yangu, mlima mbele zaidi, na nilimwona mama akilini mwangu akiwa hajajiandaa kunipokea. Lakini mikono ilikuwa imenyooka mno, kama ninaanua nguo kwenye kamba ya jirani mrefu. Baada ya muda viganja vikafa ganzi. Shingo ikakaza. Kila nikikanyaga, kiuno kilihama upande kuufuata mguu.

Kisha nikafika penye mchanga, na mbele, mbali kidogo, ndovu walikuwa wakivuka njia. Hawakuwa na haraka wala hawakuwa na ubaya. Mtu mwenye akili anasimama, anangoja, wanapita. Nami nilisimama. Nilifunga breki, nikateleza mbele ya kiti, nikashusha mguu, na mguu haukukuta kitu. Kile chuma kilikuwa kimenifikia kwanza, mahali ambapo sitapaeleza. Nikaenda chini upande wa kulia, baiskeli juu yangu, wote wawili ndani ya kichaka cha miiba. Ndovu mmoja alifungua masikio akaniangalia, nadhani kwa huruma, kisha akawafuata wenzake.

Walipotokomea nilijitoa. Sasa kupanda tena. Mahali pale ni tambarare, hakuna ngazi, hakuna jiwe, hakuna kitu. Nilisukuma baiskeli hadi nikapata kichuguu, nikakikwea, nikapandia hapo. Mbele kidogo mchanga ukanishusha tena, na vichuguu navyo havikupangwa kwa ajili yangu. Nilitazama mlima. Nikajua kwamba kwa mwendo huo nitafika usiku, kama mgonjwa, na mama atanipokea kwa maji ya moto na mto wa pili. Nikageuza. Nilirudi Maungu nikisukuma, nikilia, nikimtukana mtengenezaji wa baiskeli asiyejulikana.

Mume wangu alinitoa miiba bila kucheka, na hapo nikajua kwamba ninaonekana vibaya. Usiku alishusha kiti hadi mwisho. Kesho yake akausogeza usukani karibu kwa kipande cha chuma alichokichonga mwenyewe. Nilipopanda tena uwanjani, mikono ilifika, lakini kusimama kulikuwa kule kule kwa kuanguka. Akakaa chini akaifikiria.

"Nimeshapunguza kila kitu," akasema. "Umebaki wewe kurefushwa."

Sikumsemesha hadi jioni. Nilikaa kwenye cherehani na suruali za shule, nikapima kitambaa, nikatia chaki, na chaki ikasogea inchi mbili nje ya kipimo. Mkono ukasimama hapo hapo. Niliiangalia ile chaki kwa muda. Nguo huongezwa ili mwili upate nafasi. Baiskeli ya njia mbovu inapaswa kupunguzwa ili mwili upate nafasi hiyo hiyo, na mimi nilikuwa nimejishonea baiskeli yenye pindo. Nilipiga kelele, mume wangu akaja mbio na jeki mkononi akidhani sindano imenitoboa kidole. Nilipomweleza, ndipo akacheka yale aliyokuwa ameyaweka tangu Jumapili. Alicheka akashika mlango. Nami nikacheka, ingawa nilikuwa na hasira bado.

Voi tulirudi wote wawili na baiskeli yenyewe. Safari hii nilivaa suruali kutoka nyumbani, na kama kulikuwa na wanaume kwenye mabenchi walikuwa na uhuru wa kutazama. Muuzaji alikubali tubadilishane, shingo upande. Nilimwambia nataka fremu ambayo chuma chake cha juu kiko chini ya inchi ishirini na tano, si ile ya chuma kilichopinda wanayoiita ya kike, maana nitabeba mzigo kwenye njia ya mawe, na magurudumu yawe manene.

"Iko moja," akasema, "lakini ni ya mtoto wa shule."

Ilikuwa nyuma kabisa, ya rangi ya zambarau, imejaa vumbi, na matundu ya kufungia keria mbele na nyuma. Nikasimama juu yake hapo hapo. Kati yangu na chuma vidole vyangu vinne vilipita vikiwa vimelala. Nikakaa, nikanyoosha mkono, kiwiko kikabaki kimekunjika kidogo, kama ninaposukuma kitambaa kwenye cherehani. Nikaenda mpaka kona, nikafunga breki ghafla kwa makusudi, na miguu yote miwili ikakanyaga lami. Nilirudia mara nyingi hadi watu wa mabenchini wakaanza kunishangilia.

Mume wangu hakushangilia. Aliijaribu, magoti yakagonga usukani, akashuka.

"Hii mimi siwezi kuipanda," akasema.

"Najua."

"Kwa hivyo nyumba moja, baiskeli ya mtu mmoja?"

Hakusema kwa ubaya. Ndivyo tulivyozoea. Baiskeli ya nyumbani huwa ya yule mrefu kuliko wote, na wengine hujinyoosha wakaifikia. Kila nilicho nacho kinatumiwa na mwingine: simu yangu inaazimwa, kandambili zangu ziko miguuni mwa mtu, hata mkasi wangu wa kitambaa nimewahi kuukuta ukikata waya. Nilisimama pale na kile kibaiskeli cha zambarau nikaona aibu, kama mtu anayetaka kula peke yake. Na chini ya aibu kulikuwa na furaha kubwa, niliyoiona wazi. Nilikuwa nataka kitu kinachonifaa mimi, hata kama hakimfai mwingine yeyote.

"Viatu vyako mimi navivaa?" nikamuuliza.

Alinitazama, akaitazama baiskeli, akatazama miguu yake mirefu. Kisha akaipanda tena kwa hiari yake, akazunguka soko magoti yakiwa masikioni, na Voi nzima ikacheka, yeye akicheka kuwazidi. Wiki hiyo alinitengenezea keria kwa vyuma vya lori, imara kiasi kwamba ungeweza kubeba ng'ombe.

Nilifika Makwasinyi Jumapili iliyofuata. Mchanga ulinisimamisha, nikakanyaga chini, nikaondoka tena. Nilisukuma penye mchanga mwingi, nikapanda mwenyewe bila kichuguu. Nilikuwa mwekundu kwa vumbi nilipoingia bomani, na mapaja yalikuwa yakitetemeka. Mama aliinuka kwa mshangao, akanikumbatia, akaingia ndani upesi, akatoka na kile kiti chenye mto.

Sitasema sikuvunjika moyo. Nilikaa kwenye mto nikanywa chai. Nilikuwa nimedhani kwamba nikibadilisha fremu kila kitu kitabadilika siku hiyo hiyo. Usiku nililala nikiusikia uchovu mtamu wa miguu, na kesho yake kwenye gari la alfajiri niliamua kwamba nitakuja tena.

Nikaja tena. Nikaja na Jumapili iliyofuata. Mwili ulizoea, nikajua mchanga unaanzia wapi na ndovu wanapenda kuvukia wapi, na fremu ilikaa chini yangu bila kunikumbusha kwamba ipo. Polepole mto ulipotea. Jumapili moja chai haikuwa na sinia. Nyingine sikupewa chai hadi nilipoiomba, na mama aliniambia majani yako pale pale, kwani sijui? Nikaenda jikoni nikajipikia, nikiwa nimegeuza uso asione ninavyotabasamu.

Kisha kukawa na harusi, nguo za wasimamizi zikanibana, nikakosa Jumapili moja. Iliyofuata niliingia bomani nikamkuta mama ameketi kwenye mkeka na ungo wa pojo mapajani. Hakuinuka.

"Ulikuwa wapi?" akaniuliza kwa lugha yetu.

Nikamweleza habari ya harusi.

"Mimi Jumapili ile nilikaa hapa siku nzima nakungoja," akasema. "Goti linaniuma tangu Jumanne. Yule mke wa kaka yako amepita hapo asubuhi hata salamu hajatoa. Mbuzi wa jirani wamekula kunde zangu. Na wewe unakuja saa hizi. Ondoa hicho chuma hapo mlangoni, uje upepete."

Nikaiegemeza baiskeli ukutani, nikakaa chini kwenye mkeka na vumbi langu lote, nikapokea ungo. Nilikuwa sijapepeta kitambo. Maganda yaliruka upande mmoja, pojo zikaruka na maganda, na mama akalalamika kwamba namwagia chakula kuku. Alilalamikia goti, akalalamikia mbuzi, akamsema wifi yangu tangu siku ya ndoa yake, sikupewa hata habari moja nzuri. Mwishowe akaninyang'anya ungo, akanionyesha upya namna ya kuushika, kwa ukali ule ule wa zamani, akaurudisha mikononi mwangu.

"Rudia," akasema.